Ubwabwa Chini ya Turubai la Bluu: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kupiga Picha Vibanda vya Mlimani

Safari hii maswali mengi yametoka kwa wanaopiga picha vibanda vya chakula vinavyozunguka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wengi wanakiita Mlimani, yaani Changanyikeni, Msewe, Savei na Makongo, hadi Mabibo na Sinza walikopanga wanafunzi wengi. Tumeyafupisha, na majina ya waulizaji tumeyaacha.

Napiga picha kwa simu kwenye kibanda chenye turubai la bluu. Wali unatoka kama barafu na nyama kama imechacha. Nikirekebisha rangi kwenye programu, wali unakaa sawa ila barabara iliyo nyuma inageuka rangi ya chungwa. Nakosea wapi? (Mwanafunzi, Msewe)

Una mianga miwili kwenye picha moja. Mmoja umechujwa na turubai, mwingine unaingia wazi kutoka barabarani. Programu husogeza rangi ya picha nzima kwa mkupuo, kwa hiyo ukiuponya wali unaiumiza barabara. Dawa yake iko kibandani.

Chukua karatasi nyeupe ya A4, iweke mezani katikati ya kibanda, kisha isogeze taratibu kuelekea nje. Kuna mahali itaacha kuonekana ya samawati, kwa kawaida hatua moja au mbili kabla ya ukingo wa kivuli. Hapo ndipo pa kuweka sahani. Karatasi hiyohiyo ishike upande wa pili wa sahani, kama sentimita 20 kutoka kwenye chakula, ili irudishe mwanga sehemu yenye giza. Halafu geuza kamera uelekee ukutani au kwenye masufuria, barabara isiingie kabisa kwenye fremu.

Tatizo la pili hukulitaja, lakini tunaamini unalo. Masufuria meusi na kuta zenye masizi huidanganya simu. Huona giza jingi, ikaongeza mwanga, na wali ukageuka doa jeupe lisilo na punje hata moja. Gusa wali kwenye skrini, shikilia kidole mpaka fokasi ijifunge, kisha shusha mwanga hadi punje zihesabike. Kwenye kamera, shusha kipimo cha mwanga kati ya theluthi mbili za stopu na stopu nzima chini ya sifuri (stopu moja chini ni nusu ya mwanga).

Turubai la kijani ni baya kuliko la bluu, maana linaharibu nyuso: kila mlaji anaonekana ametoka wodini. Bati halina rangi ila ni giza. Ukikuta kibanda kilichoezekwa viroba vyeupe vilivyoshonwa pamoja, usikipite, kwani hakuna studio yenye mwanga laini kama ule.

Angalia na saa. Dar es Salaam jua hupita karibu kabisa utosini mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba. Siku hizo, saa sita na nusu mchana, mwanga wa pembeni hauingii kibandani. Unaoingia ni ule unaodunda kutoka chini, nao huja na rangi ya udongo na kumulika watu kidevuni. Njoo saa nne asubuhi au baada ya saa tisa alasiri.

Nimepewa mradi wa picha 12 kuonyesha nafasi ya vibanda katika maisha na utamaduni wa chuo. Nina picha karibu 300, na zaidi ya 200 ni za sahani. Msimamizi amezikataa zote. (Mwaka wa tatu, Mabibo)

Msimamizi wako ana haki. Sahani ya wali maharage ya Changanyikeni na ya Mbagala ni ileile. Kinachokifanya kibanda kiwe cha chuo ni watu, saa, bei na deni, na hivyo ndivyo unavyotakiwa kuvitafutia picha. Sahani ipe nafasi moja kati ya 12, basi.

Anza na jina wanaloitwa wauzaji. Mama ntilie ni kauli ya mteja anayenyoosha sahani: mama, nitilie. Kwa hiyo picha ya upawa ukimwaga maharage juu ya ubwabwa ndiyo picha ya jina lenyewe. Ipige kutoka upande wa mteja, kimo cha kifua, mkono wake na sahani vikiwa mbele, upawa katikati, sura ya mama nyuma yake. Kasi ya kamera kufunga iwe 1/250 ya sekunde. Kwa 1/60 mchuzi utageuka utepe wa kahawia. Piga mfululizo wa picha tano au sita kwa kila sahani, kwa sababu mchuzi huanguka vizuri kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na sehemu hiyo hakuna anayeiwahi kwa kidole.

Fuata zamu za siku. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kuna chai ya rangi, chapati, vitumbua na supu. Saa nne wali unapaliwa. Kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane ni vurugu. Jioni vibanda vingine hufungwa na chipsi huchukua barabara. Ukienda mchana tu utaleta robo ya habari.

Hiyo ya kupalia ipe uzito. Maji yakishakauka, makaa ya moto huwekwa juu ya mfuniko ili wali uive juu na chini. Ni tendo la nusu dakika: koleo, makaa, jivu linalopeperuka. Mng'ao wa makaa huonekana kwenye kivuli tu, kwa hiyo pima mwanga kwenye mfuniko, si kwenye ukuta, uache kingine kiwe giza. Usichelewe pia. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na mtungi wa gesi haupalii kitu.

Halafu kuna boom, yaani fedha ya mkopo ya wanafunzi. Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kutolewa mwaka 2005, huleta fedha ya chakula na malazi kwa awamu. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku. Wiki ya boom benchi linajaa, kuku anaagizwa, soda zinafunguliwa. Boom likikata, wateja ni walewale ila sahani zimebadilika na daftari la madeni limenenepa. Hiyo ndiyo habari yako kubwa, na haipigwi kwa siku moja. Chagua benchi moja. Weka alama ya chaki kwenye nguzo au jiwe mahali unaposimama, andika kimo cha kamera na lenzi uliyotumia, kisha rudi siku ileile ya wiki, saa ileile, wiki ya boom na wiki tatu baadaye. Picha mbili zikikaa pamoja zitasema bila maelezo marefu. Ukiweza ongeza ya tatu wakati wa likizo: masufuria yamefunikwa, mabenchi yamepinduliwa juu ya meza.

Benchi lenyewe ni somo. Kibandani hakuna meza ya wakubwa. Bodaboda, fundi, mlinzi na mwanafunzi wanakaa bega kwa bega, na baada ya kula diskasheni inaanza palepale, notsi zikilowana jasho la jagi. Usipige ukiwa umesimama, utapata vichogo. Kaa kwenye benchi la upande wa pili, kamera ikae kimo cha macho ya walaji. Lenzi ya milimita 35 inatosha. Kwa simu tumia lenzi ya kawaida, siyo ile pana ya 0.5 inayorefusha vichwa vya walio pembeni.

Picha tatu zilizobaki zipe vitu: ubao wa bei, ndoo ya koki ya kunawia, na nguzo yenye matangazo ya vyumba vya kupanga. Ubao wa bei unaudharau leo, lakini baada ya miaka kumi ndio watu watakaouomba. Ukumbi wa Nkrumah umeshapigwa picha hadi ukachorwa kwenye noti ya shilingi 500, wakati bei ya wali maharage ya mwaka ilipotoka noti ile hakuna anayeikumbuka vizuri.

Kwa hiyo kila picha iwe na maelezo: mahali, tarehe, saa, jina la chakula kama anavyoliita muuzaji, bei, na kama kuna ruhusa au la. Mfano: "Changanyikeni, saa 7:10 mchana, wiki ya tatu baada ya boom. Wali maharage na tembele. Ruhusa: mikono tu." Bei na tarehe kamili andika siku hiyohiyo. Majina ya faili yaanze na mwaka, mwezi, kisha siku, ndipo kompyuta itayapanga yenyewe.

Akina mama wanakataa kabisa. Nikitoa kamera wengine wanageuka, mmoja alifunika masufuria. Wanafunzi wanaokula nao wananuna. Je, sheria inanizuia? (Mpiga picha, Sinza)

Sheria tutaifikia. Kwanza jiulize kwa nini mtu afunike masufuria yake mwenyewe. Vibanda vingi vimekaa kwenye hifadhi ya barabara. Desemba 2018 wafanyabiashara wadogo walianza kuuziwa vitambulisho vya shilingi 20,000 wakidhani sasa mambo yametulia. Oktoba 2021 Dar es Salaam ikawaondoa pembezoni mwa barabara. Mtu asiyejulikana akija na kamera kubwa, mama hafikirii utamaduni. Anafikiria manispaa, bwana afya au kodi. Wengine sababu ni nyepesi zaidi: amefunga kanga ya jikoni, ana jasho, na wewe unataka kumpeleka mjini hivyohivyo.

Siku ya kwanza nenda bila kamera. Kula, lipa, aga. Siku ya pili nenda saa nne asubuhi, wali ukiwa umeshapaliwa na wateja bado hawajaja. Ukiomba saa saba mchana utajibiwa vibaya na utastahili. Sema kwa ufupi: "Shikamoo mama. Pole na kazi. Mimi nasoma hapo Mlimani. Naomba ruhusa nipige picha unavyopika na wateja wanavyokula, ni za kazi ya darasa. Ukitaka sura isionekane, nitapiga mikono tu." Kisha nyamaza umsikilize. Ruhusa ya kazi ya darasa siyo ruhusa ya kuweka mtandaoni. Hiyo iombe peke yake, na taja ni ukurasa gani. Akikubali leo akabadili nia kesho, picha inatoka.

Ruhusa ya mama haiwafungi wateja. Mwanafunzi anayekula kwa mkopo tarehe 28 hataki darasa zima lijue. Omba meza kwa meza, au piga migongo, mikono na vivuli.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na sura ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Kwa wasomaji wa Kenya, sheria yenu ni ya 2019 na ina meno: Septemba 2023 ukumbi mmoja wa starehe Nairobi ulitozwa shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kubandika mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Ukiingia ndani ya eneo la chuo na kamera ya kazi, ruhusa ya uongozi ni jambo jingine tena. Mtafiti kutoka nje ya nchi anahitaji pia kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia.

Mambo mawili watu husahau. Daftari la madeni lina majina. Lipige likiwa limefungwa, na kalamu yake iliyofungwa kamba, au kutoka pembeni kabisa na tundu la lenzi likiwa wazi, f/2 hivi, ili mstari mmoja tu uwe kwenye fokasi na mstari huo usiwe wa jina. La pili ni kibao cha lipa namba kilichobandikwa ukutani, chenye namba na jina la biashara. Kagua kinachoonekana nyuma ya watu katika kila picha kabla haijatoka. Ukificha, kata au ziba kabisa kwa rangi moja. Ukungu mwepesi wa programu haufichi tarakimu.

Kuhusu pesa, chakula lipia kila siku, hata ukipewa cha bure. Ukimsimamisha kazi kwa nusu saa, mfidie muda. Picha ikienda kwenye tangazo, andikianeni kabla.

Nikifungua sufuria, lenzi inaingia ukungu na mvuke wenyewe hauonekani kwenye picha. (Morogoro)

Mvuke huonekana ukimulikwa kutoka nyuma au ubavuni, na ukiwa na kitu cheusi nyuma yake. Simama ili mlango au uwazi uwe ng'ambo ya sufuria, kidogo pembeni, na ukuta wenye masizi ndio uwe nyuma ya mvuke. Mwambie mpishi akuhesabie kabla ya kufunua, kwa sababu wingu zito ni la sekunde mbili tatu za mwanzo. Kwa 1/125 na kuendelea utapata mikunjo yake; kwa 1/30 utapata ukungu tu.

Ukungu wa lenzi unatokana na kioo kuwa baridi kuliko hewa. Kama umetoka kwenye gari lenye kiyoyozi, iache kamera nje ya begi dakika 10 hadi 15. Usiinamie sufuria. Kaa ubavuni, umbali wa nusu mita au zaidi, maana mvuke hupanda wima. Kwenye karai la chipsi rudi nyuma mita nzima. Matone ya mafuta hayaonekani kwenye kioo, ila kila taa kwenye picha itakuwa na wingu. Futa kwa kitambaa laini cha miwani. Shati na kanga vina vumbi na chumvi ya jasho, vitakwaruza. Na pale mama anapopepea jiko kwa kipepeo, usithubutu kubadilisha lenzi, jivu litahamia ndani ya kamera.

Usiku picha za chipsi zina mistari ya giza inayokatiza. Simu mbovu? (Mabibo)

Simu nzima. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za LED za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kasi ikiwa kubwa, sehemu ya picha inanaswa taa ikiwa imefifia. Tumia 1/50 au 1/100. Kwenye simu, tafuta mpangilio wa kuzuia kupepesa na uchague hezi 50. Halafu acha flashi. Lile kabati la kioo la chipsi lina taa yake, na muuzaji akiinama kuchota, sura yake yote inamulikwa kwa mbele. Msubiri ainame. Zege, yaani chipsi mayai, likigeuzwa kwenye kikaango ni sekunde moja, liwahi kwa mfululizo.

Sisi huku Kenya tunasema kibanda, au kwa utani kibandaski. Kwenye maelezo ya picha niandike mama ntilie ili nieleweke? (Kahawa, karibu na Chuo Kikuu cha Kenyatta)

Hapana. Andika neno la pale picha ilipopigwa. Chapo madondo ikiandikwa "chapati na maharage" imekufa nusu, na smocha, yaani soseji ya smokie ndani ya chapati, haina jina lingine. Hata Tanzania neno si moja: ofisini na kwenye hotuba utasikia mama lishe na baba lishe, na wapo wanaoona ntilie ni kudharauliwa wakati wenzao wanajiita hivyo kwa kujivuna. Muulize mwenyewe anaitwaje, uandike hilo.

Nikiwapelekea picha kwa WhatsApp wanazifurahia, lakini wakienda kuzisafisha studio zinatoka mbaya. (Makongo)

WhatsApp hubana picha. Tuma kama dokumenti, itafika nzima. Kwa saizi ya postikadi, sentimita 10 kwa 15, unahitaji angalau pikseli 1,200 kwa 1,800. Chini ya hapo sura zinaanza kuvimba vimba. Bora zaidi zisafishe mwenyewe uzipeleke mkononi. Zifanyie laminesheni pale stesheneri, kwa sababu picha ya wino itabandikwa juu ya jiko na mvuke utaimaliza.

Na jiandae. Ile uliyoipenda wewe, ya mikono na moshi, haitachaguliwa. Atachagua ile aliyosimama wima kando ya masufuria, kanga safi, anatazama kamera, hata kama hukuipiga. Basi ipige tangu mwanzo, siku hiyohiyo ya ruhusa, kabla hajaanza kupakua: msogeze ukingoni mwa turubai, mwache ajifunge kilemba, chukua tatu nne. Nyuma ya ile utakayompa, kabla ya laminesheni, andika tarehe na bei ya wali ya siku hiyo.